Utani Si Dharau

Katika nchi yetu ni vigumu kulipata kabila lisilokuwa na jambo lake la kuchekwa. Wapo wanaochekwa kwa chakula wanachokula, wapo wanaochekwa kwa kupenda fedha, wapo wanaochekwa kwa uchawi, na wapo wanaochekwa kwa kusema Kiswahili kwa lafudhi ya kwao. Sisi Wagogo tunachekwa kwa kuomba. Katika umri wangu wa miaka sabini na ushei nimelisikia neno "ombaomba" katika vinywa vingi: cha rafiki, cha mlevi, cha kondakta wa basi, cha ofisa aliyevaa tai, na hata cha mwalimu aliyesimama mbele ya darasa.

Neno lilikuwa ni lile lile, lakini halikuniingia kwa namna moja. Alipolisema mzee mmoja wa Kinyamwezi, jirani yetu wa siku nyingi, nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Alipolisema kondakta, nilishuka kituo kilichofuata nikaenda kwa miguu. Kwa miaka mingi nimejiuliza tofauti hiyo imetoka wapi, maana sikio langu ni moja na neno ni moja. Nayaandika haya ili kumweleza msomaji jibu nililolipata, na jinsi historia ya nyanda zetu hizi za kati ilivyonisaidia kulipata.

Ubaguzi uko wa namna mbili. Uko ule mkubwa wa sheria, wenye mabango na milango miwili. Huo unaonekana, una mwaka wake wa kuanza na mwaka wake wa kufa. Tena uko mdogo wa kila siku, unaokaa katika salamu, katika mzaha, katika jina la kupanga. Huu haukutungwa na bunge lolote, kwa hiyo hakuna bunge linaloweza kuufuta. Wazee wetu waliukabili kwa vitu vitatu walivyokuwa navyo: utani, sanaa na mazungumzo. Lakini kwanza ni lazima tujue hilo jina la kuomba lilitoka wapi.

Katika karne ya kumi na tisa, njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita kati ya nchi yetu. Ugogo ulikuwa umekaa baina ya mapori mawili makavu. Upande wa mashariki, baada ya Mpwapwa, lilikuwapo pori la Marenga Mkali, ambalo maji yake yalikuwa machungu. Upande wa magharibi lilikuwapo lile la Mgunda Mkali, ambako msafara ungeweza kufa kwa kiu. Kwa hiyo kila msafara, uwe wa Waarabu, wa Wanyamwezi au wa Wazungu, ulikuwa hauna budi kusimama Ugogo kununua nafaka na kunywa maji ya visima vilivyochimbwa na Wagogo. Nao watemi walitoza hongo. Neno hili leo lina maana mbaya, lakini siku hizo lilikuwa ni ushuru wa kupita: nguo, shanga na nyaya, kwa haki ya njia na maji. Richard Burton aliyepita mwaka 1857, na Henry Morton Stanley aliyepita mwaka 1871, wote wawili walinung'unika sana juu ya hongo ya Ugogo. Kwa macho yao Wagogo walikuwa ni watu wakali, wajeuri, wanaotoza kupita kiasi.

Basi tazama mambo ya dunia. Watu waliolaumiwa kwa kutoza ndio hao hao ambao karne iliyofuata walichekwa kwa kuomba. Nini kilitokea hapo katikati?

Ilitokea Vita Kuu ya kwanza. Wajerumani walipita wakachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza waliwafuata nyuma wakachukua walichokikuta. Kisha mvua ikakatika. Njaa iliyofuata, kutoka mwaka 1917 hadi 1920, inaitwa na Wagogo Mtunya. Makadirio ya wakati ule yalitaja watu wapatao 30,000 waliokufa. Waliosalia walikwenda popote palipokuwa na chakula. Wengi walifuata reli, ambayo ilikuwa imefika Dodoma tangu mwaka 1910. Stesheni za reli ndipo wasafiri wengi walipomwona Mgogo kwa mara ya kwanza, naye amenyoosha mkono. Waliuona mkono, ng'ombe waliochukuliwa hawakuwaona. Tangu siku hizo, kila mvua inapokatika huku kwetu, ambako kwa wastani mwaka hauleti zaidi ya milimita mia tano au mia sita, jina lile hufufuka.

Nami huwaambia wanaotucheka: mwaka 1974 na 1975 ukame uliikumba Tanzania nzima, na serikali ikalazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje na kupokea misaada. Mwaka ule sote tulikula unga wa njano wa mahindi ya kigeni. Sikumsikia mtu akijiita ombaomba.

Sasa niseme juu ya utani. Wazungu waliliandika sana jambo hili. R. E. Moreau alikusanya habari za utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940. Peter Rigby, aliyekaa Ugogo, aliandika juu ya utani wa Wagogo mwaka 1968. Katika miaka ya 1970, Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikusanya pamoja na wanafunzi wake taarifa za utani wa makabila mengi. Lakini sisi hatukuujifunza vitabuni. Tuliukuta nyumbani, kama tulivyoukuta moto wa jikoni.

Utani uko wa ndani na wa nje. Wa ndani ni wa mabinamu, wa babu na wajukuu, na wa ukoo kwa ukoo. Wa nje ni wa kabila kwa kabila. Huu wa nje, mara nyingi chanzo chake ni njia au vita. Wanyamwezi walikuwa wapagazi wakubwa wa misafara, na kila kabila walilopitia walijenga nalo utani, kwa kuwa mpagazi anayeugua njiani anahitaji mtu wa kumtunza, na akifa anahitaji mtu wa kumzika. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kati ya mwaka 1878 na 1882. Hakuna aliyemshinda mwenziwe kabisa, na baadaye wakawa watani mpaka leo. Kijijini kwetu Mnyamwezi na Mhehe walikuwa watani wetu. Mhehe akifika tulimwuliza kama mbwa wetu wako salama. Naye alitujibu kwamba yeye hana wasiwasi na mbwa, ana wasiwasi na mfuko wake, kwa kuwa amefika kwa waombaji.

Mgeni akisikiliza angedhani watu wanatukanana. Lakini utani una masharti, na yeyote aliyelelewa ndani yake anayajua hata kama hajawahi kuyahesabu. Sharti la kwanza ni kwamba anayetaniwa ana haki ya kujibu, na akijibu, aliyeanza haruhusiwi kukasirika. Sharti la pili ni kwamba anayetania ana deni. Ukifiwa, mtani ndiye anayefika mapema. Ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayeweza kuingia ndani ya shimo akalala, akasema hatoki mpaka alipwe, na wafiwa waliokuwa wanalia wakajikuta wanacheka. Ndiye anayejifanya marehemu, akatembea kama marehemu alivyotembea, akadai kofia yake. Njaa ikikupeleka kwake, hawezi kukufukuza. Kwa hiyo yule Mnyamwezi aliyeniita ombaomba alikuwa ni mtu ambaye, kama ningemwomba kweli, asingeweza kuninyima. Hiyo ndiyo sababu nilicheka. Yule kondakta hakuwa na deni lolote kwangu, na kama ningemjibu angenishusha kabla sijashuka mwenyewe.

Kwa maneno mengine, utani haukuuondoa ubaguzi kwa kuwakataza watu kusema. Uliwaruhusu kusema, lakini ukawafunga pamoja. Lile neno la kudharau lilitolewa hadharani mchana, likajibiwa, likachakaa kwa kutumiwa, mwisho likabaki kama kisu butu.

Je, utani uliweza kuushinda ubaguzi wa rangi wa wakati wa wakoloni? Hapana. Na sababu yake inafundisha. Utani unataka watu wawili, na kila mmoja akubali kwamba mwenzake ni mtu sawa naye. Mkoloni hakukubali hilo. Mimi nilianza shule karibu na mwisho wa utawala wa Waingereza, wakati elimu ya Tanganyika ilikuwa na mafungu matatu: ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika. Mpango huo ulikoma mwanzoni mwa mwaka 1962. Hata kura ilikuwa na rangi. Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 kila mpiga kura alitakiwa kuwachagua wajumbe watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, ilhali Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8 na Wazungu kama 20,000 tu.

Marehemu baba yangu alifanya kibarua cha kung'oa visiki katika shamba moja la Wazungu. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto, lakini aliitwa "boi" na kijana ambaye ndevu zilikuwa ndiyo kwanza zinaota. Vibarua walimpa kila msimamizi jina: mmoja aliitwa kwa mwendo wake, mwingine kwa namna alivyopenga kamasi, mwingine kwa kofia. Jioni mmoja wao aliigiza jinsi bwana alivyokasirika, na wenzake wakagaagaa kwa kicheko. Baba alisema kicheko kile kiliwapa nguvu ya kurudi kazini asubuhi. Lakini kilikuwa kicheko cha kificho. Bwana hakukisikia, kwa hiyo hakikumbadilisha.

Hapo ndipo sanaa ilipofanya kazi ambayo utani haukuiweza. Katika miji ya pwani, tangu miaka ya 1890, ilizuka ngoma ya beni. Watu walijipanga kama gwaride, wakapiga ngoma na tarumbeta kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu, wakajipa vyeo vya kila aina, hata vya kifalme. Vyama vya Marini na Arinoti vikashindana kwa mavazi na madaha. Baada ya Vita Kuu ya kwanza beni ilienea mpaka miji ya bara. Maofisa wengine waliona ni uigaji wa kitoto, wengine waliingiwa na wasiwasi. Nadhani wale wenye wasiwasi waliona vizuri zaidi. Mtu anayeweza kuvaa cheo chako jioni na kukivua asubuhi, amekwisha kutambua kwamba cheo ni vazi.

Hata hivyo huku kwetu kichekesho kikubwa kuliko vyote hakikutungwa na msanii. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga, na mwanzo wake ulikuwa Kongwa, ndani ya Ugogo. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Wazee wa mahali walijua kwamba mvua ya huko haiaminiki na udongo wake ukikauka unakuwa kama saruji, lakini maarifa yao hayakuwa na nafasi katika mipango iliyokwisha kuandikwa London. Mwaka 1951 mpango ulitupwa, baada ya kula pauni milioni 36 hivi, na karanga zilizovunwa zilikuwa chache kuliko mbegu zilizoletwa. Wagogo tulicheka, na sidhani kama kuna mtu wa kutulaumu. Lakini utazame mwisho wa majengo yale. Palikuwa na shule ya watoto wa Kizungu peke yao, nayo ilidumu hadi mwaka 1958. Miaka michache baadaye, Kongwa hiyo hiyo ikawa kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola na ZAPU ya Zimbabwe. Mahali palipojengwa kwa kutenga rangi pakawalea watu waliokwenda kuuvunja utengano wa rangi kusini mwa bara letu.

Silaha ya tatu ni mazungumzo. Uchaguzi ule wa kura tatu ulikuwa tusi, na wapo wana TANU waliotaka ususiwe. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Mwalimu Nyerere aliwashawishi wakubali kushiriki. TANU ikawaunga mkono Wazungu na Waasia waliokubaliana na siasa yake, kama vile Derek Bryceson, Amir Jamal na Sophia Mustafa, na mitego ya rangi ikanasa hewa. Kisha mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, palikuwa na wabunge waliotaka uraia wa nchi mpya uwe wa Waafrika tu. Nyerere alisimama akapinga kwa ukali, hata akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu. Msomaji aangalie jambo hili: mtu aliyekuwa amebaguliwa maisha yake yote alikataa kuirithi fimbo ya kubagulia.

Lakini mazungumzo ya wakubwa hayatoshi, kwa kuwa ubaguzi wa kila siku haukai bungeni. Hapa ninajivunia kumtaja mtu wa kwetu. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma. Alifanya kazi ya uliwali na uhakimu, yaani kazi ya kusikiliza pande mbili. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Wakati ule habari nyingi zilizoandikwa juu yetu zilikuwa zimeandikwa na wapita njia. Yeye aliandika kama mwenye nyumba, tena kwa Kiswahili, ili mtani na asiye mtani waweze kusoma. Kisha akawa kiongozi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, na akaipa nchi utungo wa ngonjera. Ngonjera ni mashairi ya majibizano. Mmoja anashika upande huu, mwingine upande ule. Kila mmoja anajibu kwa vina na mizani, na hatma yake wanafikia makubaliano. Mnyampala alifariki mwaka 1969, na vitabu vyake vya ngonjera vilitoka mwaka 1970 na 1971. Katika miaka ya 1970 sijui kama ilikuwapo shule ya msingi nchini ambayo watoto wake hawakusimama jukwaani kwa ngonjera.

Wapo wanaosema ngonjera nyingi zilikuwa za siasa tu, na kwamba mjinga alikubali upesi mno. Sibishani nao. Lakini mimi mwalimu niliona faida nyingine. Mtoto aliyepewa upande asioupenda alilazimika kuukariri, kuusema kwa sauti, na kuutafutia ishara za mikono. Kwa dakika kumi alikuwa mtu mwingine. Sijapata dawa ya dharau inayopita hiyo.

Nikiwa ninafundisha katika chuo kimoja cha ualimu, baada ya miaka yangu ya ukuu wa shule, niliiona dawa hiyo ikifanya kazi. Palikuwa na msichana wa Kigogo, mpole, hodari wa hesabu. Palikuwa na kijana kutoka mkoa wa mbali wenye migomba na mvua. Kila Jumamosi bwaloni kijana huyu aliweka sarafu kando ya sahani ya msichana, akasema, "Nauli ya kwenda Dar es Salaam hiyo, wenzako wanakungoja barabarani." Meza nzima ilicheka. Msichana hakucheka wala hakushitaki. Mwalimu wa zamu ndiye aliyeniletea habari.

Kanuni za chuo ziliniruhusu kumwadhibu, lakini niliwaita wote wawili. Nilimwuliza kijana, "Kabila lenu na kabila la huyu ni watani?"

"Sijui, Mwalimu. Sidhani."

"Wiki zote hizi amepata kukujibu?"

"Hapana, Mwalimu. Atajibu nini?"

"Akifiwa kesho, utakwenda kuchimba kaburi?"

Alinyamaza akaangalia chini. Ndipo msichana akasema maneno ambayo sikuyatarajia. "Mwalimu, mimi sitaki aadhibiwe. Akiadhibiwa ataacha kuweka sarafu tu. Mimi nataka apajue kwetu."

Nilimpa kitabu cha Mnyampala na habari za misafara, nikamwomba atunge igizo la mahafali. Akatunga. Katika igizo lake msafara unatoka pwani, umemaliza Marenga Mkali, watu wana kiu ya kufa. Mwenye kisima ni mwanamke wa Kigogo. Sehemu hiyo aliichukua mwenyewe, na sehemu ya kiongozi wa wapagazi akampa yule kijana. Siku ya mahafali kijana alipiga magoti akaomba maji. Mwenye kisima akamwuliza hongo iko wapi. Kijana akatoa sarafu. Msichana akaishika, akaigeuza huku na huku mbele ya wazazi na wageni wote, kisha akamrudishia akisema, "Hii haitoshi kununua hata kata. Lakini kunywa. Kwetu bwana wa msafara hutozwa, mwenye kiu hatozwi."

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Na kijana, aliyetakiwa kunywa na kuondoka, akaongeza maneno yasiyokuwamo katika igizo: "Jamani, kumbe ombaomba ni mimi!" Hapo msichana naye alicheka mpaka akaisahau sehemu iliyofuata.

Sikusema kwamba chuo kilibadilika siku ile. Lakini tangu hapo alimwita kijana yule "Mpagazi" hata mbele ya wakufunzi, naye aliitika. Mwanafunzi mwingine alipojaribu kurudisha mzaha wa sarafu, wenzake walimwambia, "Wewe si mtani." Maneno hayo matatu yalimnyamazisha kuliko fimbo. Walikuwa wamepata kipimo, na kipimo kikishajulikana na wanafunzi wenyewe, mwalimu anaweza kwenda kulala.

Sanaa ilitutetea hata nje ya mipaka. Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo, aliuchukua muziki wa zeze na ilimba za kwetu mpaka Ulaya, Amerika na Asia, na alifundisha wengi katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo kabla ya kufariki mwaka 2003. Watu waliomsikia akiimba kana kwamba wamesimama waimbaji wengi hawakuuliza kama kabila lake linaomba. Hapa nyumbani wanawake wetu wakipiga muheme, ngoma zikiwa zimebanwa katikati ya magoti, nimewaona wageni waliokuja na dharau wakiomba kufundishwa.

Lakini nisimdanganye msomaji kwamba kichekesho na sanaa ni vitu vyema kwa asili. Rwanda, nchi jirani yetu, mwaka 1994 kulikuwa na redio iliyopendwa kwa muziki wake na mizaha ya watangazaji wake. Watusi waliitwa mende, na watu walicheka. Kuanzia mwezi Aprili hadi Julai waliuawa watu laki kadhaa, na redio ile ilikuwa ikichochea. Kesi ya wenye redio na gazeti ilisikilizwa Arusha, safari ya siku moja tu kwa basi kutoka hapa kwetu, na mwaka 2003 walitiwa hatiani. Tukiipima mizaha ile kwa masharti ya wazee, tunaona mara moja kilichokosekana. Aliyeitwa mende hakuwa na kipaza sauti cha kujibu. Na yule aliyemwita mende hakuwa na nia ya kumzika.

Nayasema haya kwa sababu Dodoma ya leo si ile niliyozaliwa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa mwaka 1973, lakini wingi wa watu ulikuja hasa baada ya agizo la mwaka 2016, na mwaka 2018 mji ukawa jiji. Makabila yote ya nchi yapo hapa sasa. Mashamba ya wazee yamekuwa viwanja, na mtoto wa mwenye shamba mara nyingine ndiye mlinzi wa geti la nyumba iliyojengwa juu yake. Usiku akifungua geti, anaitwa "Mgogo" badala ya jina lake. Anayemwita hivyo huenda hana ubaya wowote moyoni, amezoea tu. Lakini wapagazi wa zamani, waliofika hapa kwa miguu na mzigo kichwani, walifahamu kwamba wamefika kwa watu wenye visima.

Siwaombi wageni wetu waache kututania. Mji usio na utani ni kama nyumba isiyo na watoto. Ninachowaomba ni kwamba waingie katika utani wenyewe, na masharti yake yote. Mjue mlinzi wako jina, umwache naye akutanie, na ukisikia kwao kuna msiba, uende. Nanyi vijana wa kwetu, msinyamaze na wala msipigane. Jibuni kwa maneno yenye chumvi, tungeni, imbeni, na mjue historia yenu vya kutosha ili mtu akiwaita ombaomba mweze kumwuliza babu yake alikunywa maji ya nani alipotoka Marenga Mkali. Akicheka, mkaribisheni ndani.